Uso wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Nimeteuliwa! Ingawa si peke yangu. Kamati ya tamasha la muziki imetupa kazi ya filamu za matangazo watu wawili: mimi na yule bwana tunayemwita Droni. Ana kidude cha kuruka chenye kamera, na tangu akinunue hajapiga tena picha akiwa amesimama ardhini kama binadamu. Kila mmoja wetu atengeneze filamu moja fupi. Itakayopendeza ndiyo itakayotangaza tamasha, na mwenye nayo ataongoza filamu zote za mwaka huu. Nyingine kapuni.

Mama Mwenyekiti wa kamati hakuwa na maneno mengi. Alisema mwaka jana wanamuziki walivipigia viti vitupu. Mwaka huu ukumbi usipojaa, tamasha linakufa, na yeye hana nguvu za kulizika. Hataki kuona jukwaa wala taa. "Nionyesheni mtu mmoja tu," akasema, "mtu ambaye muziki umemwingia."

Droni akauliza kama mtu huyo anaweza kuonekana kutoka juu.

Huyu nimeshammaliza.

Nyumbani nikampa mke wangu habari. Akasema hongera, lakini nisiisahau filamu ya mazishi ya baba yake, maana mama yake ameiulizia tena. Nikasema inahaririwa. Haihaririwi. Ila ipo kwenye diski, na kitu kilichopo kwenye diski kina matumaini.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya nyuso. Bendi ilikuwa mazoezini, nami nikaleta majirani wakae mbele yao waguswe. Hawakuguswa. Mmoja alipiga miayo mpaka nikaona kimio chake. Fundi viatu wa chini ya ofisi yetu alitazama viatu vya mpiga ngoma tangu mwanzo hadi mwisho, kwa huruma kubwa. Jirani yetu wa ghorofani nikamwomba afikirie jambo la kusikitisha. Akauliza la kusikitisha kiasi gani. Nikasema sana. Akatoa uso wa mtu anayeumwa jino.

Ndipo nikapata wazo. Vitunguu! Nikakata vya kutosha nikavipitisha kwenye safu ya viti kama anayegawa zawadi. Walilia wote. Akalia mpiga ngoma. Nikalia na mimi, sikuona kitu kwenye kamera, na picha zote za mchana zimetoka na ukungu.

Fundi Sauti, mwanamke tunayeshirikiana naye studio, alivua hedifoni akaniambia amefanikiwa kurekodi bendi nzima ikipiga chafya. Nikamjibu kwamba hakuna sanaa bila machozi. Akasema machozi yapo, kilichokosekana ni sanaa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata uso!

Nilikuwa nafungua diski kutafuta nafasi, nikakuta mazishi ya baba mkwe. Mzee alikuwa mpiga tarumbeta maisha yake yote. Alipofariki mwaka jana, familia iliniomba nipige picha, na nikaenda na Fundi Sauti. Siku ile mama mkwe alikaa tangu asubuhi kimya, macho makavu, kama jiwe. Watu wakaanza kunong'onezana. Kisha makaburini mwanabendi mmoja aliyepiga na mzee akachukua tarumbeta ya marehemu, akapiga wimbo ambao mzee alikuwa akimpigia mkewe kila aliporudi nyumbani. Kwa bahati tu, kamera yangu ilikuwa imemwelekea mama.

Kwanza anasikiliza, kama mtu aliyesikia hatua mlangoni. Midomo inafunguka kidogo. Halafu chozi linashuka, na halifuti. Mwishoni kabisa karibu acheke. Ni sekunde chache tu, halafu anainamisha kichwa, basi.

Niliinuka nikazunguka chumba. Mtu ambaye muziki umemwingia! Nimekuwa naye muda wote, naye ni mkwe wangu.

Mimi si shetani. Nilijadiliana na dhamiri yangu kwa kirefu. Dhamiri ilitaka tumuulize mwenyewe. Nikaiambia muda hautoshi. Dhamiri ikasema ni dakika moja ya simu. Nikaiambia simu yenyewe ya mama ni ya vitufe, tangazo litakwenda kwenye simu za vioo, kwa hiyo hataliona, na asilolijua mtu halimuumizi. Dhamiri ikanyamaza. Nimeichukulia kuwa imekubali.

Nimekata picha karibu karibu ili kaburi lisionekane. Tarumbeta nimeiondoa, nikaweka ngoma za tamasha. Chini nimeandika: NJOO UGUSWE.

Jumatatu, 10 Machi

Ushindi!

Ya Droni ilioneshwa kwanza. Mji mzima kutoka angani, barabara zinameremeta, watu kama siafu. Nzuri, nakiri. Mama Mwenyekiti akasema siafu wamependeza, lakini hajui ni yupi aliyeguswa.

Ikaja yangu. Ilipoisha Mama Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akauliza huyu mama ni nani. Nikasema ni mpenzi wa muziki. Si uongo!

Droni alikuja kunipa mkono. Akasema hajawahi kuona uso kama ule, akauliza nimemwelekezaje mwigizaji yule. Nikasema kuna vitu mtu anazaliwa navyo.

Bado tumeshikana mikono, nikamsikia Mama Mwenyekiti akitangaza kwamba filamu hii haifai kuishia kwenye simu. Kamati itafunga skrini kubwa, kubwa kama ukuta wa nyumba, kwenye stendi kuu ya mabasi.

Ng'ambo ya stendi kuu, ghorofa ya kwanza, kuna chumba cha kushonea. Kina cherehani moja na dirisha moja. Aliyekaa kwenye cherehani anatazama dirishani, kwa ajili ya mwanga.

Ni chumba cha mama mkwe.

Droni akaniuliza kama nina homa, maana mkono umekuwa wa baridi.

Jumanne, 11 Machi

Sikulala, nikafikiri, na mwenye kufikiri hakosi. Pazia! Nimenunua pazia zito, jeusi, lisilopitisha hata aibu. Nikampelekea mama mkwe kama zawadi. Nikamwambia vumbi la mabasi ni baya kwa kifua.

Mama aliguswa. Alisema tangu mume wake aondoke hakuna mtu aliyekumbuka kifua chake. Nilikwepa macho yake nikapanda kwenye kiti nikalitundika. Chumba kikawa giza, akawasha taa, nikamuaga, nikashuka ngazi nikipiga mluzi.

Nilichosahau: mama ni fundi cherehani. Kumpelekea fundi cherehani pazia la dukani ni sawa na kumpelekea mwalimu barua yenye makosa. Nilipovuka barabara na kugeuka kutazama, pazia lilikuwa limeshashuka. Mama alikuwa dirishani, mwanga wote usoni, anafumua upindo uliokwenda mshazari. Akanipungia mkono.

Nyuma yangu mafundi walikuwa wanapandisha fremu ya skrini.

Mke wangu ameniuliza mbona sili. Nikasema ni mawazo ya kisanii.

Alhamisi, 13 Machi

Limewaka.

Sikuwepo. Nasimulia kama mke wangu alivyonisimulia, amesimama mlangoni, mkoba bado begani.

Mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Mteja akapanda ngazi mbio: mama, uko ukutani! Mama akainua macho. Akaacha kazi, akashuka, akavuka kati ya mabasi, akasimama chini ya skrini. Picha inapita, inakwenda, inarudi. Abiria wakawa wanampita huku na huku bila kumtambua. Mmoja akacheka, akasema yule bibi wa ukutani amelewa ngoma. Mama hakuondoka mpaka kondakta alipomshika mkono, kwa sababu kulikuwa na basi linarudi nyuma.

Mke wangu akaniuliza, "Yule ni mama yangu?"

Nikasema duniani wawili wawili.

Akarudia swali. Nikasema ni mwigizaji. Anatoka mbali. Hata mimi nilishtuka walivyofanana. Akaniuliza kama huyo mwigizaji wa mbali naye ana skafu aliyoishona mwenyewe kwa shati la bendi la mume wake. Nikasema mitindo husafiri.

Mke wangu anafundisha hesabu. Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyenakili mtihani wa mwenzake mpaka jina. Kisha akachukua mto wake akahamia chumba cha watoto.

Ijumaa, 14 Machi

Uongo ni kama nyumba, haukai bila mlinzi. Nimekaa nao asubuhi nzima nikitafuta pale unapovuja, nikapaona. Ni diski. Mtu akifungua diski ataona mazishi, ataona skafu, ataona ule uso na kaburi lake, na mwigizaji wangu wa mbali atakufa papo hapo.

Bila picha hakuna kesi. Nimefuta mazishi yote. Msafara, hotuba, wale wazee wa bendi na suti zao zilizopauka, mikono ikitupia udongo. Nikaenda hadi kwenye kapu la kompyuta nikalimwaga na lenyewe. Kwa usalama zaidi nikajaza diski ile picha za mazoezi ya tamasha, zile za vitunguu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema lolote kuhusu mtu aliyeyafuta maradhi yenyewe.

Najisikia mwepesi.

Jumamosi, 15 Machi

Mama mkwe alikuja. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimempa mwigizaji jina, mji na watoto.

Hakuuliza kuhusu skrini. Aliketi, akaomba maji, akanywa yote, akaiweka bilauri mezani taratibu.

"Mwanangu," akasema, "siku ya kumzika baba yenu siikumbuki. Naambiwa nilikuwepo. Nakumbuka kufunga kiatu asubuhi, halafu nakumbuka watu wanakusanya viti. Katikati hamna kitu. Naiomba ile filamu."

Nikasema haijawa tayari. Akasema hataki iwe tayari, anaitaka kama ilivyo, hata ikiwa na watu wanaokohoa. Nikasema diski inaumwa. Akauliza kwa upole, kama anayeulizia mgonjwa, kama kuna matumaini. Nikasema mafundi wanaishughulikia. Akainuka, akanigusa bega.

"Usijilaumu, baba."

Usijilaumu! Angenizaba kofi ningeshukuru.

Alipoondoka, mke wangu aliuliza neno moja tu. "Umefuta?" Nikatazama ukuta. Hakupiga kelele. Alikaa pale alipokuwa amekaa mama yake, akaishika ile bilauri tupu, na kwa mara ya kwanza tangu nimuoe nilimuona hajui la kufanya na mikono yake.

Nilikimbia na diski kwa fundi kompyuta. Akasema kama ningefuta tu, pengine angezirudisha picha. Lakini nimejaza vitu juu yake. Akauliza hivi ni vitu gani, mbona watu wote wanalia. Nikamwambia ni vitunguu.

Jumatatu, 17 Machi

Ilibidi nimweleze Fundi Sauti. Alinipa maneno ambayo sitayaandika hapa, na mengine sikuyajua. Alipomaliza akasema, "Picha ulipiga wewe, umefuta wewe. Sauti nilirekodi mimi."

Sikuelewa. Akanieleza polepole kama anayeongea na mtoto. Siku ile ya mazishi alikuwepo na maikrofoni yake, na yeye hafuti. Sauti ya siku nzima anayo.

Nilimwambia mke wangu, na alasiri akaja na mama yake. Tulimketisha mama kwenye kiti changu cha kuhariria. Fundi Sauti akamvisha hedifoni kwa uangalifu, akaziweka juu ya kitambaa cha kichwa bila kukiharibu, akawasha.

Sisi hatukusikia kitu. Tulimtazama tu. Alifumba macho. Mara akasema, "Hizo kokoto." Baadaye, "Huyo anayekohoa ni mdogo wake." Alimtambua jirani kwa kuburuta miguu. Alitikisa kichwa kwenye hotuba moja, nadhani ile ndefu. Mke wangu alikuwa amemshika mkono, na alikuwa akinitazama mimi, si kwa hasira. Nilitamani iwe hasira.

Kisha mama akatulia kabisa. Fundi Sauti akaangalia mstari wa sauti kwenye kompyuta, akaninong'oneza kwamba ni tarumbeta.

Ilipoisha, mama alisogeza hedifoni upande mmoja.

"Hapa nililia?"

Akasema shemeji zake walisambaza kwamba hakutoa hata chozi. Kwamba alikaa kama anayesubiri basi. Yeye hakumbuki, kwa hiyo hakuwa na la kuwajibu, na mwaka mzima amekuwa akijiuliza usiku kama ni kweli. Ikiwa ni kweli, alikuwa mke wa namna gani.

Nilikuwa na mwigizaji wangu, na mji wake, na watoto wake. Nilifungua kinywa nimtoe.

"Ulilia, Mama," nikasema.

"Umejuaje?"

"Ni wewe kule stendi. Nilikuchukua siku ile."

"Kwamba ni mimi nilijua," akasema. "Uso wangu naujua. Nilitaka kujua ni lini."

Nikamweleza yote. Pazia pia. Kwenye pazia mke wangu alitoa sauti fulani, sijui ilikuwa kilio au kicheko.

Mama alikuwa na maombi mawili. La kwanza, nimuondoe ukutani. La pili, zile sekunde zilizobaki nizirudishie sauti ya tarumbeta. "Kule mmenivalisha ngoma," akasema. "Mimi sikulilia ngoma."

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda kwa Mama Mwenyekiti nikamwambia ukweli. Sehemu kubwa ya ukweli. Ile ya vitunguu niliiacha, haikuhusika.

Alinisikiliza kalamu mkononi. Akauliza kama mama mwenyewe aliombwa ruhusa. Nikasema kulikuwa na mjadala. Akauliza mjadala na nani. Nikasema na dhamiri. Hapo akaweka kalamu chini, akanyanyua simu, akaamuru skrini izimwe. Akaniambia aliomba mtu aliyeingiwa na muziki, hakuomba mjane aliyevamiwa kilioni kwake. Kuanzia leo filamu zote ni za Droni.

Nilipita stendi. Ukuta mweusi. Watu wanapanda na kushuka mabasi kama kawaida, hakuna aliyeinua kichwa. Nilisimama mpaka filamu ya Droni na siafu wake ilipowaka. Juu, kwenye dirisha la chumba cha kushonea, cherehani ilikuwa inakwenda. Mama hakutazama nje.

Droni alinipigia simu. Nilijiandaa kwa dhihaka, sikuipata. Akasema amesikitika, akasema ule uso utamkaa siku zote, akasema ana nafasi ya mtu wa kudaka kidude chake kinapotua. Nilikataa kwa heshima zote za mtu mwenye taaluma. Baadaye nikampigia nikauliza kinatua saa ngapi.

Alhamisi, 20 Machi

Kazi ya mama nimeifanya kwa siku mbili na sijawahi kufanya kazi kama hiyo. Nilizitoa zile sekunde kwenye tangazo, nikavua ngoma, nikafuta maandishi. Kisha nikatafuta pumzi. Midomo yake inapofunguka, ni lazima iwe palepale mpigaji anapovuta pumzi kabla ya kupuliza. Ukikosea kidogo tu, analia kabla ya wimbo, na inakuwa uongo. Fundi Sauti alikaa kando yangu. Hakunitukana hata mara moja, jambo lililonitia hofu.

Mama alikuja na mke wangu. Nikazima taa. Skrini nyeusi, sauti tu: kokoto, kikohozi, upepo kwenye maikrofoni. Ni mazishi yote, gizani. Kisha tarumbeta inaanza, na pale tu, uso wake unatokea. Unasikiliza. Chozi. Ile karibu-acheke. Unaondoka. Giza tena, na tarumbeta inaendelea hadi mwisho bila picha.

Akaomba tena. Nikarudia. Akaomba tena.

"Basi," akasema. "Nilikuwepo."

Mke wangu akaweka mkono begani kwangu. Sikusogea, usije ukaondoka.

Mama akaniambia nimemkosea, na nimemrudishia kitu, na yote mawili ni kweli, hatayapima moja kwa lingine. Ila neno moja. Asitazamwe tena na kamera pasipo yeye kujua. Nikaapa. Niliinua mkono. Mke wangu shahidi, Fundi Sauti shahidi. Tukashuka nao hadi barabarani, na mke wangu akasema leo mto unarudi.

Nimerudi studio peke yangu. Hii ni shajara, haisomwi na mtu, kwa hiyo naandika.

Uso ule wa leo! Kwanza anasikiliza gizani. Halafu anajiona. Halafu, polepole, uso wote unalegea na anatabasamu kama mtu aliyefunguliwa mlango baada ya kubisha mwaka mzima. Ni bora mara mia kuliko ule wa kwanza. Kamera ilikuwa kwenye kona, nimeitundikia koti langu, lenzi inachungulia kati ya vifungo viwili. Na kiapo nilikula baada ya kurekodi. Kiapo hakirudi nyuma, hilo hata mwanasheria atakubali.

Nimeikata. Nimemtumia Mama Mwenyekiti dakika hii. Safari hii halii hata kidogo, anatabasamu. Nani ataudhika?